Kiguni cha Concepta

Katika londri ya hoteli moja ya Diani, Concepta alikuwa akichekwa kabla hata hajamaliza kusema. "Hii mashuka imekauka," angesema, akiwa ameyakumbatia mpaka kidevuni, na wenzake wangemjibu kwa pamoja kama watoto wa chuoni: "Haya mashuka yamekauka!" Naye angetabasamu, akayatua mezani na kuanza kukunja. Hakuna aliyekunja kumshinda. Pembe ilifuata pembe, kiganja kikapita juu ya kitambaa polepole, kama cha mtu anayempapasa mtoto mgongoni ili apate usingizi.

Kicheko hicho kiliongozwa na Twaiba, msimamizi wa londri. Twaiba ni mzaliwa wa Jego, kule karibu na Vanga, na Kiswahili kwake ni kama ngozi. Hakuona ubaya wa kumcheka Concepta. Alimpenda, tena alimtegemea, na kwa Twaiba mtu anayependwa ndiye anayetaniwa.

Concepta alikuja pwani kutoka Butere, yeye na mumewe, Japheth, fundi wa umeme. Walipanga chumba Ukunda, wakanunua kitanda na jiko la gesi. Kisha Japheth akapata kazi Uarabuni. Aliyeuliza habari zake alijibiwa, "Yuko safarini," na kadiri jibu hilo lilivyozidi kuzeeka, watu waliacha kuuliza. Concepta aliendelea kufika kazini mapema, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa sawasawa, na kunyosha mashuka ya watu waliokuja kupumzika.

Mchezo wa maneno ulianza msimu wa mvua, hoteli ilipokuwa nusu tupu na mashine zimenyamaza. Upande mmoja huleta neno la zamani, lile ambalo mtu alilisikia kwa bibi yake halafu asilisikie tena. Watu watatu husimama, kila mmoja akatoa maana yake. Moja ni ya kweli, mbili zimetungwa. Upande wa pili huchagua. Anayelijua neno tangu zamani hana budi kukiri, likaletwa jingine. Londri ilicheza na jikoni, pale kantini ya wafanyakazi, saa ya mapumziko. Jikoni waliongozwa na Boga, mpishi mkuu, Mdigo wa Msambweni mwenye kifua kipana na sikio kali. Aliusikia uongo kama alivyosikia mafuta yaliyopata moto kupita kiasi.

Concepta hakuwa akicheza. Alikaa pembeni na bakuli lake la maharagwe, akisikiliza.

"Njoo nawe usimame," Twaiba alimwambia siku moja.

"Mimi? Kiswahili yangu mtacheka hadi mkufe."

"Mpaka tufe," Twaiba alimrekebisha, na wote wakacheka, Concepta akiwamo.

Ramadhani ilipoingia, mchezo ulikwama. Zainabu wa jikoni, aliyekuwa hodari wa kutunga, alisimama kama kawaida yake, akafungua kinywa, kisha akakifunga.

"Jamani, mimi nimefunga. Nitasimama hapa niseme uongo?"

"Si uongo, ni mchezo," alisema Boga.

"Mwambie malaika anayeandika, usiniambie mimi."

Boga alijikuna kidevu. Hata yeye moyo wake ulikuwa haujatulia. Mwishowe alitoa hukumu: waliofunga walete maneno na kuchagua maana, wasiofunga ndio waseme.

"Kwa hiyo sisi Wakristo ndio wa kutupwa motoni?" aliuliza Jacktone wa mashine za kufulia.

"Nyinyi mna Jumapili, bwana. Mtaungama."

Wakristo wa londri walikuwa watatu tu: Jacktone, Veronicah na Concepta. Hakukuwa na wa kubadilisha.

Mwanzoni maana za Concepta zilikuwa fupi, za kubahatisha, na jikoni walizipangusa kama makombo. Kisha siku moja lilikuja neno "mzegazega," ambalo ni ule mti unaobebwa begani, mzigo mbele na mzigo nyuma. Jacktone alisema ni aina ya samaki. Veronicah alitoa ile ya kweli. Concepta aliangalia mikono yake, akasema: "Mzegazega ni ile umetoka kwa basi ya mbali, umeshuka, umelala kwa kitanda yako, na bado barabara inakwenda chini yako."

"Ndiyo hiyo!" Zainabu alipiga meza. "Hata mimi hunipata nikitoka Mackinnon Road!"

Jikoni wote walichagua hiyo. Walipoambiwa wameliwa, Zainabu alibaki kumtazama Concepta kama mtu aliyerudishiwa kitu chake na mgeni asiyemjua. Twaiba naye alimtazama. Alijua maneno mengi kuliko mtu yeyote katika hoteli ile, na hakumbuki hata mara moja kutafuta jina la barabara inayokwenda chini ya kitanda.

Siku za mwisho za mfungo, meneja aliwaita Twaiba na Boga. Kulikuwa na kundi kubwa la wageni wa harusi linalofika wiki ya Idd. Wafanyakazi wasio Waislamu wangefanya kazi siku yenyewe, kama ilivyo desturi, lakini msimamizi mmoja lazima abaki. "Kateni shauri wenyewe," alisema meneja. "Kesho mniambie ni nani."

Twaiba alitoka ofisini mdomo umekauka, wala si kwa saumu. Idd mbili zilizopita alizipitisha kazini. Mama yake, Bi Mwanaima, alikuwa Jego, na macho yake yalikuwa yakifunga kidogo kidogo, ukungu juu ya ukungu. Wiki iliyopita alisema kwenye simu, bila kulalamika: "Idd hii uje, mwanangu, nikuone ningali nakuona."

Alimweleza Boga hayo kwenye ukumbi wa nyuma. Boga alisikiliza mpaka mwisho.

"Nami nina wangu, Bi Twaiba. Mwaka jana, tulipobaki sote wawili, nilipika biriani ya wageni huku wanangu wakila ya jirani." Akaendelea: "Nikikuachia tu, wataninunia nyumbani mpaka Idd ya pili. Nikikunyima, nitajinunia mwenyewe. Tuache mchezo ukate. Neno kwa neno. Wa kwanza kukosa, anabaki."

Kantini ilijaa siku hiyo. Hata walinzi wa lango walikuja kusimama dirishani.

Jikoni walitangulia. Neno lao lilikuwa "kisugudi." Mmoja alisema ni kichuguu kidogo, mwingine ni fundo la kamba. Gerishom, muoshaji vyombo, alisema ni hiki kiwiko cha mkono, na alipokuwa akisema alikuwa ameshakisugua chake bila kujijua. Twaiba alimchagua. Alikuwa sahihi. Londri walishangilia, yeye akawageukia wasemaji wake, maana sasa ilikuwa zamu yao.

Neno alikuwa amelichagua mapema, "kiguni." Aliwanong'oneza watatu wake kwenye stoo ya mashuka: kiguni ni mfuko mrefu wa kutilia tende, uliosukwa kwa ukili, ulikuwapo kwao alipokuwa mdogo, kabla tende hazijaanza kuja katika makatoni. Veronicah, mwenye uso mkavu kama ubao, angesema ile ya kweli. Jacktone angesema ni nundu ya ndama.

"Na mimi niseme nini?" Concepta aliuliza.

"Sema lolote, shoga yangu. Lolote litakalokutoka." Alipolisema hilo, Twaiba alihisi safari yake ya Jego imening'inia kwenye uzi mwembamba mno.

Boga aliulizwa kama analijua neno. Alifumba macho, akalitafuta, kisha akatikisa kichwa. Halijui.

Jacktone alisema nundu ya ndama. Veronicah alisema mfuko wa tende. Boga alimwangalia Veronicah kwa muda, na Twaiba akaiona safari yake imeshapotea, kwa sababu alimjua mtu yule na sikio lake.

Kisha Concepta akasimama.

"Kiguni ni chakula," alisema. "Si chakula ya kila siku. Ni ile unapakua kwanza, kabla hujapakua yako. Unafunika na sahani ingine, unaweka juu ya kabati. Ni ya mtu hayuko. Unajua leo hatakuja. Lakini ukipakua yako peke yake, sufuria inakuangalia vibaya. Asubuhi unaikula na chai. Hiyo ndio kiguni."

Hakuna aliyemrekebisha. Mlinzi mmoja dirishani alivua kofia yake, akaishika tu.

"Asubuhi huliwa?" aliuliza Boga. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mara ingine inapewa kuku. Ukiona huwezi."

Boga alitazama meza. "Mama yangu alikuwa akimwekea kaka yangu Tsofa," alisema. "Aliingia melini, asirudi. Sisi watoto tulikuwa tukiivizia ile sahani, atuchape. Sikujua kwamba ina jina."

Zainabu alimgusa begani. "Ami Boga, tumia akili. Mfuko wa tende ndio unaofanana na kweli."

"Najua unaofanana. Mimi namfuata Concepta."

Twaiba ndiye aliyelazimika kutoa jawabu: kiguni ni mfuko wa tende. Kantini ililipuka. Gerishom aliangusha kiti. Boga alijifunika uso kwa mikono yake miwili mikubwa, mabega yakatikisika, na alipoufunua alikuwa akicheka huku macho yamelowa.

"Wallahi mwanamke huyu amenila na mifupa yangu! Nenda, Bi Twaiba. Nenda ukamsalimie mama."

Walipokuwa wakirudi londri, Twaiba alimshika Concepta mkono. "Umewezaje kudanganya vile? Wewe, usiyeweza hata kumficha meneja taulo iliyoungua!"

"Sikudanganya mtu," Concepta alisema. "Hiyo kitu iko. Ni jina tu haina."

Twaiba alicheka, akamkumbatia, akaenda kufunga mizigo.

Asubuhi ya Idd alikuwa Jego. Bi Mwanaima alikuwa ameketi kitandani na leso mpya, na alipoisikia "Shikamoo, mama," alinyosha mikono kabla ya kuitika. Aliushika uso wa bintiye, akauvuta karibu na mwanga wa dirisha, akautazama kwa jicho lililokuwa likiona bado, pande zote.

"Marahaba. Umekonda," alisema. "Naona."

Walikula, na Twaiba akamsimulia mchezo wote. Alimuiga Boga, akamuiga Jacktone, akayarudia maneno ya Concepta moja baada ya jingine kwa fahari, kama aliyeyatunga yeye. Bi Mwanaima alicheka sana kwa nundu ya ndama. Kwa Concepta hakucheka.

"Kiguni ni cha tende," alisema.

"Ndiyo, mama. Yeye alitunga tu. Hodari kweli."

"Anaishi na nani huyo?"

Twaiba alifungua kinywa kujibu. "Peke yake. Mumewe yuko safarini." Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, na yalikuwa na baridi.

"Tangu lini?"

Hakujua. Wamekaa meza moja miaka yote ile, mashuka katikati, na hakujua. Alichukua simu.

Concepta aliipokea kwa kelele, mashine zikinguruma nyuma yake. "Idd mubarak, Bi Twaiba! Mama amekuona?"

"Ameniona. Concepta, ile sahani. Ilikuwa ya Japheth?"

Concepta alisogea pembeni, mngurumo ukapungua.

"Ilikuwa yake," Concepta alisema. "Niliacha Krismasi ile ilipita. Na sikupanga kuacha. Nilipakua moja, nikakula, nikashtuka nimemaliza."

Twaiba, aliyekuwa na maneno ya kugawa, alitafuta akakosa, na katika kukosa huko ndipo alipomwona yule mwanamke kwa ukubwa wake wote: amesimama siku nzima akinyosha vitambaa vya harusi ya watu, na siku alipotakiwa kutoa kitu cha kumfikisha mwenzake kwa mama yake, alitoa kile alichokuwa nacho.

"Nipe simu," alisema Bi Mwanaima.

Aliishika kwa mikono miwili na kuisogeza sikioni. "Concepta? Mimi ni mamake Twaiba. Ahsante, mwanangu. Lakini nikwambie jambo moja. Kufunika kwa sahani si vizuri. Sahani hutoa jasho, wali ukalowa. Mimi hufunika kwa kawa, kifuniko cha ukili, chakula kikapumua."

Akasikiliza. Huko Diani Concepta alikuwa akiuliza kitu.

"Chakula cha nani?" alisema Bi Mwanaima. "Cha huyu huyu aliyekuja leo. Idd mbili."