Sanduku la Kompyuta na Kuku Wangu

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. La saba niliwaachia wengine, na bado Kibondo nzima inakuja kuniuliza mambo. Kwa hiyo Yusta, binti wa dada yangu, alipopata kazi ya kuchapa vyeti vya ubatizo ofisi ya kanisa, nilitangaza kwamba akili ile kaichukua kwa mjomba wake.

Yusta hacheki. Tangu amzike mumewe Felisiani, hacheki wala halii. Ukimtania anakutazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye shamba lisilo lake. Nami sikuacha kumtania. Nani mwingine angethubutu?

Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa kuukuu. Aliifufua Niyonsaba, mkimbizi aliyesomea mambo hayo Bujumbura. Programu ya kuiendesha ilikuwa ya bure, kwenye disketi, na mtu yeyote aliruhusiwa kuifungua ndani akabadilisha atakacho. Yusta hajui Kiingereza, basi Niyonsaba akaifanya iseme Kiha. Akikosea, kioo kinaandika: “Ihangane Yusta,” yaani pole Yusta, rudia taratibu. Mashine inampa mtu pole, nilikwenda kuiona kwa macho yangu.

Kisha wakimbizi wakakatazwa kufanya kazi nje ya kambi, Niyonsaba akarudishwa kambini. Mwaka wa tisini na tisa wafadhili wakaleta kompyuta mpya na programu mpya ya kununua, ndani ya sanduku gumu linalong'aa. Ile kuukuu ikatupwa stoo. Sanduku lilipobaki tupu nililiomba mimi. Kuku wangu alikuwa hana pa kuatamia.

Programu mpya haikutaka Kiha. Ilikuwa inasimama katikati ya kazi, inaandika mistari miwili ya Kiingereza, na chini yake kitufe kimoja tu cha kukubali.

“Mjomba, inanigombeza halafu inataka niseme sawa,” Yusta aliniambia.

“Basi sema, mama.”

“Nimeshasema. Leo mara sitini.”

Hakulalamika. Alisema hivyo kama anataja bei ya chumvi.

Jumapili ile askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na watoto arobaini na watatu walitakiwa wawe na vyeti. Mkuu wa ofisi, Bwana Raymond, mtu wa Moshi, alimwambia Yusta wazi: vyeti visipotoka Ijumaa, ataleta mchapaji kutoka Kigoma mjini, na yeye Yusta arudi kijijini Muyama kulima. Jumatano mashine ikazimika na haikuwaka tena vizuri. Ikabidi programu iwekwe upya. Ilipowekwa ikadai namba, herufi na tarakimu ishirini na tano, zilizobandikwa ndani ya sanduku.

Yusta akaja kwangu.

Nilitia mkono chini ya kuku, akanidonoa hadi damu. Karatasi ya namba ilikuwepo, lakini kuku alikuwa ameshaichakura na kuipaka uchafu wake. Mimi ninayesoma kuliko baadhi ya walimu nilipata kumi na moja. Nikamwambia zilizobaki tukisie, mimi nina bahati. Akaziandika zile kumi na moja kiganjani, akaondoka bila kunitukana. Ningependa angenitukana.

Bwana Raymond akapiga simu Dar es Salaam, kwa waliouza. Wakamwuliza namba iliyo kwenye sanduku.

Alhamisi asubuhi, bila kumwomba mtu ruhusa, Yusta aliingia stoo, akasogeza magunia ya mahindi, akaitoa ile kuukuu. Akaifuta vumbi kwa kanga, akaiwasha. Haikudai namba. Ijumaa saa sita mchana vyeti arobaini na vitatu vilikuwa mezani.

“Kumbe hii bado inafanya kazi?” Bwana Raymond akauliza.

“Inafanya.”

“Basi baki nayo.”

Mpya ikafunikwa kitambaa, na habari ya mchapaji wa Kigoma ikaishia hapo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake nikiwa nimejiandalia maneno, maana nilijua lawama zinanisubiri. Nikaanza kujisifu kwamba bila kuku wangu ile mashine kuukuu ingeoza stoo. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

“Vifaranga wametoka?” akauliza.

“Tisa.”

“Sawa,” akasema, akaendelea na maharage yake.