Hati ya Utumishi ya Chombo Ardente

Mkanda wa video uliopata joto una harufu yake ya pekee: plastiki inayokaribia kuungua, vumbi, na uchachu fulani kama wa siki. Niliinusa tena mwaka huu katika chumba cha hifadhi ninamofanyia kazi hapa Kisangani, mwenzangu alipokuwa akijaribu kuokoa kanda za zamani zilizoota ukungu. Yeye alikwenda kufungua dirisha. Mimi niliketi, kwa kuwa harufu ile ilikuwa imenirudisha katika banda la video la mtaani kwetu, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na katika jambo nililolitenda wakati ule ambalo sijapata kulisimulia kwa ukamilifu. Niwieni radhi nikienda polepole.

Katika banda lile, baada ya adhuhuri, tulionyeshwa mfululizo wa filamu uliotafsiriwa kwa Kifaransa, uliohusu chombo cha angani kiitwacho Ardente. Kaseti zilipanda mto kwa boti, moja moja, na zilitufikia nane. Mwishoni mwa kaseti ya nane Ardente ilizimika mashine, ikaingia ndani ya wingu jeusi, na kioo cha televisheni kikabaki giza tupu. Kisha vita vikaufunga mto, na kaseti ya tisa haikufika. Chumvi nayo haikufika, wala sabuni, wala dawa. Lakini kama mngetuuliza sisi watoto maafa makubwa ya mwaka ule ni yapi, tungewajibu bila kusita kwamba ni kaseti ya tisa.

Kwa kukosa mwisho, tuliamua kuuandika wenyewe. Nilikuwa karani wa kazi hiyo, kwa sababu nilikuwa na daftari na mwandiko ulionyooka. Kwetu ni Waislamu, wajukuu wa watu waliofika hapa na misafara ya biashara, na kila asubuhi nilikwenda chuoni kwa Maalim. Yeye alitufundisha kwamba habari haipokewi mpaka wajulikane walioibeba, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja apimwe ukweli wake. “Habari ni daraja la kamba,” alikuwa akisema. “Fundo moja likilegea, usivuke.” Niliichukua kanuni ile tukufu nikaifunga kwenye filamu ya banda. Kila dai kuhusu utumishi wa Ardente, tangu ilipojengwa, ilipopigana na ilipotengenezwa, niliuliza limetoka kwa nani, na yeye amelisikia wapi.

Dai nililolipenda zaidi lilikuwa la Dieumerci, mwana wa seremala. Alishikilia kwamba Ardente tuliyoiona si ile ya mwanzo. Ya mwanzo iliangamia kabla ya kaseti ya nne, na hii ilikuwa mdogo wake, kama wafanyavyo wenye boti za mbao hapa kwetu, ambao hung'oa ubao mmoja wa boti iliyozama, wakaupigilia kwenye boti mpya na kuipa jina lilelile. Ushahidi wake ulikuwa madirisha: manane ubavuni katika kaseti ya kwanza, tisa katika ya nne. Niliyahesabu mwenyewe mara tatu, nikaandika, “Sahihi.”

Dai la Georgine lilinitaabisha. Georgine alikuwa jirani yetu, binti wa fundi wa mashine za boti, watu wa mto kutoka upande wa Isangi. Yeye alisema kaseti ya tisa ameiona kwa macho yake kule Yangambi, akiwa pamoja na baba yake, katika nyumba ya mfanyakazi mmoja wa kituo cha utafiti. Humo, alisema, watu wa Ardente waling'oa mabati ya sakafu, wakatoka nje, na wakapiga makasia gizani mpaka wakauona mwanga.

“Makasia juu mbinguni?” Dieumerci alicheka mpaka akakaa chini. “Na mayi iko wapi?”

“Giza ile iko nzito kuliko mayi,” Georgine alimjibu. “Unasukuma, inakusukuma. Wewe haukuona, nyamaza.”

Nililiandika dai lake pembeni, kwa penseli, nikisubiri shahidi wa pili. Shahidi huyo alikuwa baba yake. Na hapo sina budi kuwaeleza hali ya nyumba yao.

Baba yake Georgine alikuwa ameteremka na boti siku chache kabla ya mto kufungwa. Miezi ilipita bila barua wala mjumbe. Mama Georgine, kila alipoulizwa, alijibu maneno matatu: “Iko mu njia.” Alikuwa na sababu ya kushika maneno hayo. Kwa jamaa za mumewe, aliyepotelea mtoni hahesabiwi kuwa maiti kwa dhana. Kifo chake sharti kitamkwe na kinywa cha mtu wa nyumba yake. Maadamu hakijatamkwa, nyumba ni ya msafiri, na mke na watoto wanaitunza kwa niaba yake. Kikitamkwa, matanga hufanywa, na ndugu wa mume huja kuchukua vilivyo vyao. Ndiyo maana Tonton, kaka mkubwa wa baba, alivuka mto kila Jumapili baada ya misa, akaketi uani kwao, akauliza kwa upole, “Bado habari?” kisha akangoja hadi jioni. Sisi watoto tulijua kwamba neno lile halisemwi. Lililoshikiliwa na neno hilo hatukulijua.

Jumapili moja mwenye banda alitangaza kwamba anafunga, na mimi nikaamua kwamba daftari nalo lifungwe siku hiyo. Tuliketi uani kwa kina Georgine. Mama yake alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo. Tonton alikuwa kwenye kiti chake.

“Habari yako iko na shahidi mumoja tu,” nilimwambia Georgine. “Wa pili iko wapi?”

“Ni papa. Unajua vizuri.”

“Nimuulize sasa?”

“Utamuuliza akirudi.”

“Tunafunga kitabu leo.”

“Basi donc, meli inabakia mu giza,” Dieumerci akasema. “Pole, kapiteni wa makasia.”

Nilimhurumia Georgine. Na huruma yangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya kisomi. Nilimweleza jinsi nilivyoifahamu kanuni ya Maalim. Aliye hai akiwa mbali hungojwa, ili aulizwe. Aliyekufa hali mkweli haulizwi tena. Neno lake hubebwa na aliyelisikia, nalo husimama. “Papa yako akiwa hai, tunangoja, na siandiki kitu,” nilisema. “Kama alikufa, neno yake inasimama.”

Mchi uliendelea kushuka kinuni. Georgine aliweka kidole juu ya dai lake la penseli daftarini.

“Papa hakusemaka uongo,” alisema. “Andika.”

“Niandike nini?”

“Andika alikufa. Andika meli ilitoka.”

Mchi ulisimama. Tonton hakupandisha sauti. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

“Mama Georgine, umesikia. Mutoto wa nyumba ametamka.”

“Ni muchezo ya batoto, bokilo,” Mama Georgine alimjibu shemeji yake.

“Kinywa ya muchezo na kinywa ya kweli ni moja.”

Nami niliandika. Niliandika kwa wino, nikiwa na furaha ya karani aliyepata fundo lililokosekana.

Matanga yalifanywa wiki ileile, shati la marehemu likiwa limetandazwa juu ya mkeka mahali pa mwili. Baadaye jamaa walikuja wakachukua kitanda, redio, vifaa vya ufundi, na hatimaye mabati ya paa. Mdogo wake Georgine, aliyekuwa hajaanza shule, alibaki kwa Tonton ng'ambo ya mto. Mama Georgine na binti yake waliteremka Isangi kwa mtumbwi. Habari za baba hazikupatikana kamwe, za kufa wala za kuishi.

Nilimkuta Georgine huko Isangi tukiwa watu wazima, akiuza samaki wa moshi. Tulizungumza vizuri. Nilipokaribia kuondoka, mazoea yangu yalinishinda, nikamuuliza ile kaseti ya Yangambi waliiona kwa nani hasa.

“Kaseti haikukuwa,” alisema. “Tulikuwa mu pirogue, katikati ya mto, mvua inatupiga, mimi nalia. Papa akanihadithia ile ya makasia mpaka tukafika.”

“Kwa nini haukuniambia?”

“Ungeandika?”

Nilimjibu kwamba nisingeandika. Nimeishi na jibu hilo miaka mingi, na nimelielewa kwa kuchelewa. Nilidhani siku ile mtoto alishuhudia juu ya chombo cha filamu. Alikuwa akilinda hadithi ya mwisho aliyopewa na baba yake, nami nilikuwa nimeipanga kanuni yangu kwa namna ambayo hangeweza kulihifadhi neno la baba bila kuutoa uhai wa baba mwenyewe. Alichagua neno. Alikuwa na umri wa miaka kumi, na hapakuwa na mtu pale uani aliyemwambia kwamba daftari la watoto lingeweza kungoja.