Jumamosi Zetu Zilikokwenda

Tulifunga ndoa Januari, na kabla hata shela halijarudishwa lilikokodiwa, mke wangu akaniomba kitu kimoja. Hakutaka kupelekwa Zanzibar. Alitaka Jumamosi moja tupande kwa miguu kutoka kwao Akheri hadi kijito kilicho pembeni mwa msitu wa Meru, alikokuwa akichota maji utotoni. Sisi wawili tu.

"Kabla hatujawa watatu," alisema.

Nilicheka. Mwaka una Jumamosi hamsini na mbili. Nilizihesabu mara mbili kwenye kalenda ya ukutani. Nikajiona nimepewa kwa bei ya kutupa.

Safari ya kwanza tulifika kwa shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye geti lake linatazama njia ya kupandia msituni.

"Mkwe! Unapita kwangu kama msoma mita?"

"Shikamoo shangazi. Tunatembea kidogo tu."

"Marahaba. Mnatembea kwenda wapi, na nyumba iko hapa?"

Sikujua kwamba kwao, mwaka wa kwanza, bwana harusi hapiti mlangoni kwa ndugu wa mkewe bila kuingia, na akiingia hatoki bila kula. Tukawekewa loshoro, yaani mahindi na ndizi ndani ya maziwa mgando. Nilibishana kuhusu bakuli mbili mpaka zikashuka kuwa moja, nikatoka kifua mbele. Nyumba ya pili ilikuwa imetuona tukitoka ya kwanza. Ya tatu ikaiona ya pili. Tuliingia nyumba tano! Na mtu mwenye bakuli tano za loshoro tumboni hapandi hata ngazi ya kanisa. Saa kumi mvua ikashuka, tukarudi zetu nyumbani Lemara.

Kisha zikaja sherehe. Kipaimara kijijini Kikwe. Ubatizo. Sendofu, zile za kumuaga bibi harusi kwao. Harusi za wote waliokuja kwenye yetu, maana wanakumbuka nani alikaa meza ipi. Kila harusi na sare yake. Ninalo shati la rangi ya parachichi lililoiva kupita kiasi, ambalo siwezi kulivaa hata kufyekea majani. Na kila ukumbi na mshereheshaji wake, anayetusimamisha tucheze kwa foleni saa nzima kupeleka kanga moja mbele. Kanga moja, watu arobaini! Niliwahesabu mara mbili, tukiwa bado kwenye foleni.

Juni mke wangu aliniambia tunakuwa watatu. Mwishoni mwa Agosti akasema, "Bado naweza kupanda. Oktoba sitaweza."

Nikawaka. Nikasema ndugu zake wametula mwaka mzima, hawana haya, hawajui watu wawili wana mambo yao. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaishusha kalenda ukutani, akanipa kalamu.

"Hesabu Jumamosi ulizoitwa kununua mbuzi."

Lazima nieleze. Kwenye kikao cha kamati ya harusi ya binamu yake, nilitumwa kumtafuta mbuzi wa ndafu, yule anayechomwa mzima. Nilimpata kwa bei iliyofanya muuzaji atukane ukoo wangu. Tangu siku hiyo hakuna kamati iliyokaa bila mimi. "Mwiteni mkwe, yule anayewaliza wauza mbuzi." Na mimi naenda! Hakuna aliyenifunga kamba.

Nilipata Jumamosi kumi na tisa. Nikahesabu tena, nikapata ishirini.

"Ile ya ishirini nilikuwa nimekusamehe," alisema.

Jumamosi iliyofuata tulipanda. Getini kwa shangazi alisimama mwanamume na mbuzi.

"Mungu ni mwema, mkwe umekuja!" shangazi alipaza sauti. "Hebu sikia bei ya huyu mnyang'anyi."

Mbuzi mwenyewe alikuwa mifupa mitupu. Nilimwona tangu mbali. Muuzaji aliponitambua akaanza kukohoa. Mke wangu aliendelea kupanda polepole, mkono kiunoni.

"Shangazi, mpeni anachotaka."

"Mkwe, unaumwa?"

"Siumwi. Tunatembea."

"Na loshoro?"

"Tukirudi."

Kijito chenyewe unakiruka bila kukunja suruali. Alivua viatu, akatia miguu majini, akafumba macho. Tulikaa hivyo muda mrefu, hakuna aliyetuita.

"Unamfikiria yule mbuzi," alisema, bila kufumbua macho.

"Simfikirii."

"Unamfikiria."

Nikavua viatu, nikatia na yangu. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno.

Tukiwa tunashuka, tulimkuta muuzaji njiani. Hakuwa na mbuzi, na alikuwa anapiga mluzi. Alivua kofia, akanisalimia kwa heshima zote. Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Mimi sijacheka mpaka leo.