Baiskeli ya Tata Bila Ndizi

Juzi nilimwona mzee mmoja akiendesha baiskeli taratibu kando ya mto, peke yake, hana mzigo, nikamkumbuka Tata, baba yangu.

Utotoni niliamini kwamba Tata hajui kuendesha baiskeli. Siku za soko aliisukuma kutoka kijijini kwetu Masoko hadi mjini Tukuyu, mikungu ya ndizi imefungwa huku na huku, nami nikisukuma kwa nyuma, mikono ikinata utomvu. Wakati wa kurudi ilibeba chumvi na sabuni za majirani, basi tukaisukuma tena.

Alasiri moja, mvua ilipokatika, nilikuwa nachota maji mtoni nikasikia mnyororo ukilia. Tata alipita ukingoni juu ya baiskeli tupu, polepole, akipiga mluzi, shati limejaa upepo. Nilijibanza migombani, kwenye harufu ya majani mabichi, machozi yakinilengalenga. Kumbe anajua, na hajawahi kunipakia!

Jioni nilimnunia.

“Una nini, mama?” aliniuliza.

“Hakuna kitu, Tata.”

Sasa nami nina watoto na mizigo yangu. Ningemkuta tena pale mtoni, ningejificha vizuri zaidi, nimwache aendeshe mpaka aridhike mwenyewe.