Sare Iliyoanikwa Kambini

Nakumbuka vizuri, mwanangu, mchana ule Madamu Nafula alipoingia dukani kwangu Ntinda akaniomba niwe jaji wa hadithi. Madamu ni Mkenya, mwalimu, ameishi Kampala hii miaka mingi, hata watoto wake hawajui kwao. Akasema, "Mzee Ramadhani, shindano ni la Kiswahili na tunataka mtu aliyezaliwa nacho." Nikakubali kabla hajamaliza. Laiti ningekataa. Wewe umenipigia simu juzi kuniuliza kama ukubali kazi hiyo hiyo, basi nisikilize kabla hujawajibu.

Mwaka ule sikuuelewa, na mpaka leo siuelewi. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa polisi, Kiswahili nilikikuta nyumbani, na zamani ukikisema sokoni watu walishika mifuko yao wakidhani umekuja kuwaibia au kuwakamata. Halafu mwaka ule, ghafla, kila Jumamosi kitabu cha Kiswahili kinazinduliwa mahali fulani mjini. Inakatwa keki yenye umbo la kitabu, vijana wanasoma mashairi kutoka kwenye simu, na mimi nimekaa mbele sijui ni wakati gani wa kupiga makofi. Majirani waliowahi kunicheka wakaniletea watoto wao niwafundishe. Kichwa kilivimba, mwanangu. Nilisoma sekondari sikuimaliza, na sasa naitwa mzee wa lugha.

Hadithi za shindano zilikuja bila majina ya waandishi. Nilizisoma dukani, mteja akija naweka kando. Moja ilianza na mwanamke anayepasha pasi ya mkaa uani, na kabla sijageuza ukurasa nikajua ni ya nani. Ilikuwa ya Opio.

Opio ni rafiki yangu tangu tukiwa wadogo. Baba yake alikuwa askari wa kambi ile ile yetu. Lori lilimchukua na wenzake asubuhi moja, na halikumrudisha. Sasa, kambini ilikuwa hivi: askari akifa, mke na watoto wanatoka kwenye nyumba, maana nyumba ni ya mwenye sare. Mama Opio hakuwa na pa kwenda. Kwa hiyo kila Jumapili alifua sare ya pili ya mumewe, akaianika mbele ya mlango, ikikauka akaipiga pasi uani, ili wapitao wadhani mwenyewe amerudi na yuko ndani amelala. Mtu mmoja tu wa nje alijua, naye ni mimi. Nilikuwa nimeingia kumtafuta Opio nikamkuta mama amekumbatia ile sare, analia. Hakuniomba ninyamaze. Nilinyamaza mwenyewe. Walikaa mle mpaka kaka wa Mama Opio alipokuja kutoka kaskazini kuwachukua.

Yote hayo Opio aliyaandika, na mimi nilikuwemo. Yule mtoto wa jirani aliyejua asiseme ndiye aliyependwa kuliko wote katika hadithi ile.

Ningefanya nini? Najiuliza hata sasa. Nikiisifu, watasema mzee amempa rafiki yake. Tena nitakuwa najisifu mwenyewe. Na chini ya hayo kulikuwa na kitu kingine nisichopenda kukitaja: mimi ndiye niliyesoma, Opio alistaafu jeshini, anafuga kuku Kasubi, na ndiye aliyeandika. Ulikuwa wivu? Ilikuwa hofu? Vilichanganyika, sikuweza kuvitenganisha.

Tulipokutana majaji watatu, Madamu akanigeukia. "Hii ya kambi inagombea nafasi ya kwanza. Mzee, unaionaje?"

Ssali, yule jaji kijana, akasema, "Mimi imeniliza, ssebo. Lakini kambi mimi nimepita nje tu na boda. Wewe ndiyo mwenye kambi. Ukisema ndiyo, ni ndiyo."

Hapo ndipo nilipaswa kusema: mwandishi namjua, niondoeni kwenye hii. Maneno machache tu. Badala yake nikasema, "Haiaminiki. Mtoto mdogo vile hawezi kukaa na siri kubwa hivi."

"Hata akipewa mandazi?" Ssali akatania.

"Hata akipewa mandazi."

Wakacheka, nikacheka nao. Hadithi ikaanguka. Haikuingia hata kwenye kitabu kilichokusanya hadithi bora za mwaka ule.

Sikujua kwamba siku ya matokeo huwa wanaeleza sababu mbele ya watu. Ukumbi ulijaa. Opio alikuja amevaa suti, akanipungia mkono kwa furaha aliponiona pale mezani. Madamu alipoifikia hadithi yake akasema kwamba imeandikwa vizuri, ila majaji hawakuamini ukimya wa yule mtoto.

Opio akasimama. "Madamu, samahani. Nani hakuamini?"

"Jaji mmoja mmoja hatumtaji, mzee wangu."

"Sawa. Hata mimi sitamtaja."

Hakukaa tena. Akatoka, nikamfuata mpaka nje karibu na boda. Nikaanza kusema, "Opio, ndugu yangu, unajua mambo ya shindano..." Akaniangalia sana, kama mtu anayetafuta sura aliyoisahau.

"Miaka yote nilifikiri ni wewe yule mtoto," akasema. "Kumbe nilikosea mutu."

Akapanda boda akaenda.

Hiki ndicho kinachonichanganya, mwanangu. Nilipokuwa mdogo nilinyamaza, nikamwokoa mama wa watu. Nilipozeeka nikanyamaza tena, nisiseme kwamba mtoto yule ni mimi, nikamzika mwanawe. Kinywa ni kile kile. Nimefikiri sana, na tofauti ninayoiona ni moja: mara ya kwanza nilikuwa nawalinda wao, mara ya pili nilikuwa najilinda mimi.

Kwa hiyo, ukikubali kazi ile, kazi ya mtu wako ikija mbele yako, sema siku hiyo hiyo kwamba unamjua, kisha inuka uwaachie wengine. Usimpendelee, wala usimponde ili uonekane huna upendeleo. Na ukiona ulimi umeanza kutafuta kasoro ambayo moyo hauioni, ufunge. Mungu akupe macho ya kusoma bila woga, na akuachie rafiki zako mpaka mvi zikuote.

Mimi wangu hakuniachia. Opio yuko hai, hapo Kasubi, na hajaandika tena. Tukikutana ananisalimia kwa Kiingereza, kama tunavyosalimiana na watu wa ofisini, na anapita.