Keria Yangu Waliichomelea

Mimi si mtu wa kununa. Nikicheka soko la Voi, watu walioko Mwatate huulizana harusi ni ya nani. Lakini taja keria ya pikapu yangu mbele yangu, hata leo, utaona jinsi mama mnene anavyogeuka simba bila kuhitaji kuvuka ua wa mbuga.

Pikapu ni yangu. Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Niliinunua kwa jasho la kushusha nyanya na ndizi kutoka Ronge, miaka na miaka, huku jioni nikienda shule ya usiku kumaliza kidato cha nne, nikibanana kwenye dawati na watu ambao ningeweza kuwazaa, na mwalimu wao pia ningemzaa. Mume wangu yuko Bomeni, kule Taveta, anasimamia shamba la ndizi la watu, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Gari limeandikishwa kwa jina langu. Hata kiti cha dereva kimeshachukua umbo langu. Mtu mwingine akikikalia anazama, anabaki anaona anga peke yake.

Kwa kazi yangu, pikapu bila keria ni nusu ya pikapu. Kreti za nyanya hukaa chini na hazitaki kubebeshwa kitu. Ndizi zinataka kukaa juu, kwenye vyuma vinavyolingana na paa la kebini. Lakini gari hilohilo, ikifika Jumamosi, linabeba mizigo mirefu isiyoingia chini ya vyuma: kabati, tanki la maji, na zaidi ya yote, ng'ombe. Ng'ombe husafiri amesimama. Humwambii ainame kidogo tunakaribia kufika. Kwa hiyo nilitaka keria ya kuvaa na kuvua, kama koti.

Niliitafuta kuliko nilivyotafuta mume. Niliona moja ya kiwandani, imeletwa kutoka Mombasa, ya alumini, nyepesi mpaka kuku angeibeba mgongoni. Ilishikwa na vibanio vizuri vinavyong'aa. Nikaitikisa kidogo tu, ikaanza kucheza ngoma. Nikamwambia muuzaji, "Hii kona ya kwanza ya kupanda Ronge itakuwa imeshaniaga." Nikaona nyingine ya mtu wa mbao, ya mabomba mazito. Hiyo kuitoa lazima uite kwaya nzima, sauti zote nne. Mwisho nikaamua kutengenezewa na fundi wa kuchomelea nyuma ya soko. Paipu za mraba, miguu minne, kila mguu una bamba chini, na bamba linashikwa kwenye ukingo wa bodi, pale nyuma panapokaa mzigo, kwa bolti mbili. Katikati unaweka kipande cha tairi kuukuu ili chuma kisile rangi. Spana moja inafungua zote. Watu wawili, mmoja kila upande, mnainua, mnaweka ukutani, kwisha.

Nilimweleza fundi mpaka mate yakakauka.

"Inatoka, fundi. Umesikia? Inatoka."

"Nimesikia, mathe. Inatoka."

"Sema tena."

"Inatoka, mathe. Ukitaka itoke ikatembee, itatembea."

Nilikuwa na sababu ya kumsumbua. Kiangazi kilikuwa kimekausha Marungu mpaka mbuzi walikuwa wanakula makatoni, na mama yangu anaishi huko na ng'ombe mmoja tu, ambaye ndiye mume wake tangu baba afariki: anamwamsha, anamlalamikia, anamlisha. Ng'ombe alikuwa na mimba iliyokaribia kukomaa. Kwetu, nyasi za tambarare zikiisha, ng'ombe hupandishwa milimani kwa ndugu. Anayemtunza anakunywa maziwa, mvua ikirudi ng'ombe anarudi kwake, na hakuna anayeandikiana na mwenzake. Mama alishapatana na mjomba wangu wa Ronge. Kilichobaki kilikuwa gari, na pikapu zote za Voi wakati huo zilikuwa zinakimbizana na nyasi za kuuza. Yangu tu ndiyo ingekwenda. Jumamosi asubuhi, mapema, kabla ya jua kali. Mama aliniambia kwa simu, "Mwanangu, bado anasimama. Usichelewe. Huyu akilala chini sitaweza kumwinua peke yangu."

Ijumaa saa kumi nikaenda kuchukua gari. Keria ilikuwa imevaa. Nyeusi, imenyooka, nzuri kama bibi arusi. Nikazunguka mbele, nikazunguka nyuma, nimejaa tabasamu. Nikainama kutafuta bolti.

Hapakuwa na bolti. Kila mguu ulikuwa umechomelewa kwenye bodi ya gari langu, mshono mnene kama kidole gumba, umezunguka pande zote nne, na juu yake rangi.

"Fundi. Nini hii?"

"Hiyo imeshika, mathe. Hiyo hata ndovu akiegemea..."

"Nilikuambia inatoka!"

Akajikuna. "Mzee alipitia hapa mchana. Akasema hiyo mambo ya bolti tuwache, itaibiwa. Akasema choma. Mimi nikachoma."

"Mzee gani?"

"Mwenye gari."

Jamani. Nilihisi damu ikipanda kutoka kwenye viatu. "Mwenye gari ni nani? Nani alikuletea gari? Nani alikulipa?"

"Si ni wewe. Lakini nilijua mzee amekutuma, mathe. Wewe ndiye unaendesha, yeye ndiye mwenyewe."

Huyo mzee ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye tangu mdogo wake aende Bomeni amejiteua kuwa askari wa boma letu. Hajawahi kutia hata tone la dizeli kwenye gari hilo. Lakini alipita soko kununua tumbaku, akaiona pikapu, akatoa amri, na mtu mzima mwenye miwani ya kuchomelea akatii. Mimi nilieleza wiki nzima. Yeye alisema neno moja. Nisikudanganye, hasira yangu siku hiyo ingechemsha maharagwe ya shule nzima.

"Kata," nikamwambia fundi.

"Stima imepotea, mathe. Tangu saa tisa."

"Basi lete msumeno wa mkono."

Nikakata mwenyewe. Nilijifunga leso kiunoni, nikapiga goti kwenye bodi ya gari langu, nikaanza mguu wa kwanza, sentimita chache juu ya mshono. Fundi alijaribu kunipokea nikamtazama akarudi nyuma. Msumeno ule ulikuwa butu, ungeshindwa na siagi. Nikiwa nusu ya mguu wa pili, nani huyo anakuja na fimbo yake? Shemeji.

"Shemeji! Unaharibu nini tena? Kitu kizuri namna hiyo!"

"Nani alikuambia uguse gari yangu?"

"Pole pole. Watu wanasikia."

"Wasikie! Wasikie mpaka Taveta!"

"Mimi nilikuwa nakulinda, shemeji. Keria ya kutoka ni keria ya kuibiwa. Voi hii unaijua. Mtu anakuja na spana, asubuhi huna kitu. Mdogo wangu akirudi ataniuliza nilikuwa wapi."

"Kesho napakia ng'ombe ya mama. Ng'ombe utamweka wapi, chini ya vyuma? Umkunje?"

Akachungulia chini ya vyuma. Nilidhani ameelewa. Kumbe alikuwa anatafuta jibu. "Si ungeniambia kuna ng'ombe."

Sikia hapo. Ningemwambia! Niombe ruhusa ya kutumia gari langu mwenyewe! Nikampigia mume wangu Bomeni, simu nimeibana kwa bega, msumeno mkononi. Naye, mwanaume ninayempenda, akasema, "Mama watoto, huyo ni kaka yangu mkubwa. Mvumilie tu, alikuwa na nia nzuri." Nikakata simu kwa ukali kuliko nilivyokata chuma.

Giza likaingia nikiwa nimemaliza miguu miwili, na msumeno ukakatika meno. Maduka ya vyuma yameshafungwa. Asubuhi stima bado haijarudi, ikabidi ningoje yafunguliwe, ninunue bledi mpya ya msumeno, nimalize miwili iliyobaki. Shemeji alikuja, akasimama kando, akasema nikikata kwa mshazari itakuwa rahisi. Nilimpa msumeno. Akakata mara chache, akashika kiuno.

Nilifika Marungu jua likiwa kichwani. Mama alikuwa ameketi chini, kichwa cha ng'ombe kiko mapajani mwake, amemfunika kwa kanga.

"Amelala saa ngapi?" nikauliza.

"Saa mbili. Alikusubiri, mwanangu. Tulikusubiri wote wawili, tumesimama."

Ningefungua mdomo ningeunguza kijiji. Tukaita majirani, tukapitisha magunia chini ya tumbo, wengine wakashika mkia, tukavuta. Akainuka magoti ya mbele, akaanguka. Tukampa maji, tukampa pumba, tukavuta tena. Mara ya mwisho akasimama, miguu inatetemeka kama ya ndama, na hakuna aliyeshangilia kwa kuogopa kumwangusha. Nikarudisha pikapu nyuma mpaka kwenye tuta, tukampandisha. Vile vigutu vya miguu ya keria vilikuwa vimebaki kwenye ukingo wa bodi, vikali kama meno. Mama akavivisha viatu vyake kuukuu ili visimchane ng'ombe. Nikaendesha mpaka Ronge kwa mwendo ambao konokono alikuwa ananipigia honi.

Ng'ombe alipona. Nyasi za mjomba zilimrudishia macho. Lakini ndama alizaliwa amekufa.

Mama anasema ni kiangazi. Shemeji anasema ni kiangazi. Mume wangu, kutoka Bomeni, anasema ni mapenzi ya Mungu. Labda. Ng'ombe wengi wa Marungu walipoteza ndama mwaka huo, na mimi siwezi kuthibitisha kwamba saa chache za kulala kwenye jua ndizo zilizomuua wetu. Shule ya usiku ilinifundisha kwamba kitu kikitangulia kingine si lazima ndicho kilichokisababisha. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Sasa nimekataa jibu langu mwenyewe.

Keria inatoka siku hizi. Fundi mwingine alivisha kila kigutu paipu pana kidogo, akatoboa, bolti moja kila mguu. Natoa na kurudisha nikiwa naimba, na haijaibiwa. Mtu akiniuliza achague ipi, namwambia: achague yoyote, lakini asimame hapo hapo mpaka fundi azime mashine, na mwanaume yeyote akipita, amwimbie fundi jina la mwenye gari.

Ng'ombe wetu wa kienyeji hashushi maziwa mpaka ndama wake amwanze. Bila ndama, unakamua mpaka vidole vinakufa ganzi, anakutazama tu. Kwa hiyo mjomba amemlisha bure, na mama, ambaye kwa desturi hutumiwa chupa ya maziwa kila gari likishuka, hakutumiwa kitu.

Juzi shemeji alikuja kwangu kusalimia, na mama alikuwa ameshuka Voi kunitembelea. Nikawawekea chai. Shemeji akatazama kikombe, akamtazama mama, akaniuliza, "Strungi tena, shemeji? Maziwa hakuna?"

Mama akafungua mdomo, amtetee kama kawaida yake. Kisha akakitazama kikombe chake mwenyewe, akaufunga.

"Hakuna," nikasema.

Akanywa yote, mpaka majani. Hakuomba radhi, na mimi sikumwongeza sukari.