Mkwe Wangu Alishika Kibendera

Aibu niliyoipata Malampaka, jamani, nimeificha miaka mingi, na kila mtu akianza "eti wewe si ndiye yule beki..." namkatiza haraka nasema siye mimi, ni binamu yangu, tunafanana. Leo nasema mwenyewe. Ni mimi. Yule beki namba mbili aliyepiga magoti uwanjani ni mimi, na wala sikuwa naumwa, wala sikuwa nasali kama refa alivyodhani.

Ilikuwa ile miaka pamba imeachiwa huru, ushirika umeishiwa nguvu na wanunuzi binafsi wamejaa Bariadi (tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, Simiyu hata kwenye ndoto haijafika), kila kampuni na lori lake, kila kampuni na mizani yake, zinagombania wakulima kama wanawali. Sasa kampuni moja yenye kiwanda cha kuchambua pamba ikaona ijitangaze kwa kuanzisha timu ya mpira ya wanawake. Watu walicheka mpaka wakachoka, halafu wakaja kutazama. Mimi nimetoka Mwamapalala, nimekulia nyuma ya ng'ombe wa baba, na kocha wetu, Maduhu, alinikuta mnadani nimelidhibiti dume lililokata kamba huku wanaume wamepanda juu ya uzio, akasema huyu ni beki, hata sitaki kumjaribu. Basi asubuhi niko kwenye mizani ya kiwanda, jioni niko mazoezini, mwisho wa mwezi nalipwa kwa vyote viwili, nani kama mimi?

Siku ya mkasa tulikuwa tunacheza na Malampaka, kwao, na ilikuwa si mechi ya kawaida kwa sababu kocha mmoja kutoka Dar es Salaam, mama mrefu mwenye miwani ya jua na daftari, alikuja kutafuta beki. Beki mmoja tu. Huko Dar wangemlipa kwa mpira peke yake, na chumba wangempa. Maduhu akaniita pembeni akaniambia, "Nafasi hii ni yako. Mimi nimeshamaliza kukusifia, kazi yako ni usiniumbue." Niliitaka ile nafasi, wenzangu, niliitaka mpaka siku mbili chakula kilikuwa hakipiti.

Na upande wa pili nilikuwa nimechumbiwa. Mchumba wangu Masanja alikuwa karani wa kununua pamba, na baba yake, mstaafu wa reli wa hapohapo Malampaka, alishafika kwetu na wazee wenzake kujitambulisha. Niliwanawisha mikono kwa magoti, nimejifunga vitenge viwili, macho chini, sauti ya kuku mgonjwa. Akaambiwa binti anafanya kazi kwenye mizani ya kiwanda. (Si uongo! Hakuuliza jioni nafanya nini.) Kwa wasiotujua sisi Wasukuma wa vijijini, baba mkwe si mtu wa kuchezea. Jina lake hulitamki. Mkikutana njiani unampisha, unaingia kwenye majani, unapiga goti unamsalimu, na yeye naye anageuza uso pembeni, maana mkwe hatazamwi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, nimeikuta, sikuitunga mimi.

Sasa tumeshuka kwenye lori la kampuni, tumevaa, tunapasha moto misuli, nasikia kamati ya Malampaka inahangaika, mshika kibendera mmoja hajafika. Mara wanakuja na mzee mmoja, kanyooka, kavaa shati jeupe limepigwa pasi, watu wanampigia makofi. Wanasema huyu alikuwa gadi wa treni, maisha yake yote kapeperusha bendera, sheria za mpira anazijua zote, nani wa kumzidi? Namtazama. Natazama tena. Mayu, mama yangu! Baba Masanja!

Kabula, beki wa kati na rafiki yangu wa damu, akaniona nilivyobadilika rangi. "Ni mkwe wako yule? Kimbia kamwambie kocha, wambadilishe sasa hivi."

"Nimwambie nini, kwamba namwogopa mzee wa watu?"

Nikamwangalia yule mama wa Dar na miwani yake. Nikaona ataniandika kwenye lile daftari kwamba mimi ni mshamba, beki anayetetemeka kwa sababu ya mkwe. Nikanyamaza. Basi, kosa langu ni hilo moja, mengine yote yalizaliwa na hilo.

Maana ngoja niwaambie kitu ambacho hata mimi sikukifikiria mpaka filimbi ilipolia. Mshika kibendera kazi yake ni kutembea sambamba na beki wa mwisho, ili aone nani ameotea. Beki akipanda anapanda, beki akishuka anashuka. Na mzee kapangwa upande wa kulia, upande wangu! Mimi namkimbia kwa heshima, yeye ananifuata kwa sheria. Nikirudi nyuma hatua tatu, shati jeupe nalo hatua tatu. Huku nimeshika bukta naivuta chini ifunike magoti, naivuta mpaka kiunoni kunaanza kuwa na habari nyingine, naipandisha, naivuta tena, na mpira unapita mbele yangu namuuliza mtu nani kaupiga.

Nikaona dawa ni kwenda katikati, mbali na mstari. Kabula ananisukuma, "Toka hapa, rudi kwako!" Maduhu anapiga kelele, "Namba mbili! Pembeni! Pembeni!" Na winga wao kuona uwanja mtupu akapita anavyotaka, akafunga. Moja bila. Nikamwona mama wa Dar anaandika.

Haijapita muda mpira ukatoka nje palepale alipo mzee, na wa kuurusha ni mimi. Alikuwa ameuokota (mtu mwenye adabu zake), akauweka chini taratibu, akarudi nyuma, akageuzia uso kwenye reli inayopita nyuma ya uwanja. Sasa nifanye nini? Mwili ukafanya wenyewe, wallahi. Goti likashuka, nikauokota ule mpira kwa mikono miwili, nikamsalimu Kisukuma kwa sauti ndogo, "Mwadila, baba."

Naye, masikini, akaitikia! "Mwadila, mayu. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Refa akaja mbio. "We namba mbili, unasali au unarusha? Watu wanasubiri!" Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Nikaurusha ule mpira bila kuangalia, nikampa adui.

Mapumziko nimekaa chini nimejifunika uso kwa jezi, ndipo akili ikanirudia kidogo. Kipindi cha pili timu zinabadilishana magoli. Washika vibendera hawabadilishani, kila mmoja anabaki na nusu yake ya uwanja. Kwa hiyo mimi nitakwenda kulinda goli la kule, na mzee atabaki huku na mabeki wa Malampaka, awafuate hao mpaka achoke. Nikamkumbatia Kabula kwa furaha. Nikamwambia, "Sasa ndiyo utaona beki."

Tukatoka. Nimekwenda zangu upande wa kule nachekacheka, nainua macho kwenye mstari, nini hiki? Shati jeupe. Limenyooka. Bendera mkononi.

Jamani, nilichanganyikiwa mpaka nikadhani nimekwenda goli ambalo si letu, nikageuka kumtafuta kipa wetu, nikamkuta yupo, nikahesabu mabeki wenzangu, wapo, nikamuuliza Kabula, "Tumebadilishana magoli au hatujabadilishana?" Akanitazama kama mgonjwa. Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba mzee naye wakati wa mapumziko alikwenda kwa refa akaomba wabadilishane upande na mwenzake, eti jua linampiga machoni. Jua gani, na mawingu yalikuwa yametanda! Alikuwa ananikimbia. Kanikimbia mimi, akasahau kwamba na mimi nahama.

Basi nikajiambia, liwalo na liwe, leo sina mkwe, nina mpira. Nikaacha kuivuta bukta. Na nilicheza, msione hivi! Yule winga wao nilimbana mpaka akaomba kubadilishiwa upande. Kabula akasawazisha kwa kichwa kwenye kona, moja moja, na nikamwona mama wa Dar kavua miwani ananiangalia mimi. Nafasi ilikuwa inarudi mkononi, naiona.

Zimebaki dakika chache. Wao wanakuja na mpira, straika wao kasimama karibu yangu anausubiri. Kabula akaita, "Panda!" Tukapanda wote wanne kwa pamoja, mstari mmoja, yule dada akabaki nyuma yetu peke yake, na ndipo mpira ukapigwa. Kaotea. Kaotea mchana kweupe, hata anayeuza karanga aliona. Nikanyoosha mkono juu, nikasimama, nikamgeukia mshika kibendera.

Mzee ametazama stesheni. Uso kule, bendera chini.

Straika akaenda mwenyewe mpaka golini akafunga taratibu, refa akaonyesha kati. Na mimi hasira zikanipanda kutoka unyayoni, nikasahau kila kitu, nikasahau Masanja, nikasahau vitenge viwili, nikamwendea yule mzee mbio mkono umenyooka, nikapiga kelele mbele ya Malampaka nzima, "Mzee! Macho yako umeyaweka wapi? Huoni wewe? Huoni?"

Kina mama waliokaa kwenye nyasi wakasema kwa pamoja, "Mayuuu!" Wakaziba midomo.

Hapo ndipo nikasikia nilichosema. Magoti yakaanguka yenyewe, yote mawili, nikainamisha kichwa, "Nisamehe, baba, nisamehe," naye kageuka kabisa amenipa mgongo anasema, "Inuka, mayu, inuka, watu wanatazama," na refa amefika ananinyooshea kadi ya njano hapohapo chini, halafu akapuliza mpira uanze, wenzangu wakanyang'anywa palepale kati, na Malampaka hawana habari na msamaha wangu, wanakuja nao. Mpira ulipita pembeni yangu nikiwa bado nimepiga magoti. La tatu. Kwenye nafasi yangu.

Maduhu alijitahidi, Mungu ambariki. Alimweleza yule mama habari za mkwe, adabu, mila, alimweleza mpaka jasho. Mama akavaa miwani yake, akasema, "Kocha, mimi nimetumwa beki. Wakwe wema hata Dar wapo." Akamchukua Kabula. Nililia kwenye lori mpaka Bariadi, sifichi, na Kabula alilia na mimi ingawa yeye ndiye aliyepata.

Haikuishia hapo. Wiki haijapita Masanja akamtuma mshenga kwetu. Kwenye vituo vya pamba walikuwa wanamcheka, wanamuuliza mkeo atamfokea lini tena mzee. Uchumba ukafa, hata ng'ombe mmoja hajatoka zizini. Kwa hiyo, mkihesabu vizuri, nilimpigia magoti mkwe ambaye hakuwa mkwe, nikapoteza Dar kwa sababu yake, na Masanja nikampoteza kwa kumfokea huyohuyo.

Msimu wa pamba uliofuata niko kwenye mizani, naona shati jeupe linaingia getini. Nikapiga goti kwa mazoea.

"Inuka," akasema. Nikainuka. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu tujuane, na mimi sikujua macho yangu niyapeleke wapi. "Siku hizi wewe si mkwe wangu, kwa hiyo naruhusiwa kukutazama, na nimekuja kukuambia. Yule binti alikuwa ameotea. Hatua mbili."

"Baba, uliona?"

"Niliona vizuri sana. Lakini ningeinua bendera, Malampaka yote ingejua nilikuwa nakutazama." Akakunja kofia yake mikononi. "Maisha yangu yote kazini sikuwahi kuinyima treni bendera yake. Wewe nilikunyima."

Nilitaka kumwambia maneno makali, na nilikuwa nayo, nimeyatunza mwaka mzima. Hata leo sijui nilimkasirikia au nilimhurumia, najua tu nilimtafutia kiti na maji ya kunywa. Dar nilifika, ndiyo, misimu mitatu baadaye, goti limeshaanza kusumbua, nikacheza na Kabula muda mfupi kabla hajastaafu. Na kila mechi, kabla sijafunga kamba za njumu, nilikuwa nakwenda kwanza kuangalia nani kashika kibendera, na siku nikimwona hata mjomba wa mbali, moja kwa moja kwa kocha, mbele ya watu wote: "Yule pale namheshimu sana. Mtoeni."